Kibao Nyuma ya Kitanda cha Baba

Kasimir aliandika namba ya kwanza chini kabisa, kwenye gogo lililo kando ya mlango, pale nilipozoea kuegemea nikimsubiri kiangazi kizima. Moja. Rangi nyeupe juu ya mbao nyeusi. Nilikuwa natoka ghalani na mikate miwili mikavu kwapani. Nikauona mgongo wake, nikaiona brashi, nikaliona kopo la rangi kwenye ngazi ya mawe. Kwanza moyo ulinidunda kwa furaha, maana sikuwa nimemwona kwa wiki mbili. Halafu nikaelewa anachofanya.

"Futa," nikamwambia.

Akageuka. Alikuwa amekonda kidogo usoni.

"Ludwina."

"Nimesema futa hiyo namba."

"Tumsifu Yesu Kristo kwanza," akasema taratibu, kama watu wa bonde lao wanavyosalimia hata nyumba ikiwaka moto.

"Usinisalimie. Futa."

Kitongoji chetu chote kilijua namba zile zina maana gani. Nyumba zetu za magogo hazibomolewi, hufunguliwa. Seremala huandika namba kwenye kila gogo, akachomoa vigingi, akashusha ukuta gogo baada ya gogo, na lori likabeba. Vuli ile ya mwaka sitini na saba nyumba sita zilikuwa zimeshateremka hadi Lerchmatt, kule kwenye viti vya kamba vinavyopandisha mlimani wageni wa kuteleza thelujini. Nyumba ya jirani yetu wa kushoto ilikuwa duka la viatu. Zizi la shangazi yangu lilikuwa baa, watu wakinywa divai pale pale walipolala ng'ombe watatu. Lile ghala kubwa la kanisa lilikuwa vyumba vya wageni, na visahani vya mawe vilivyokuwa vinazuia panya wasipande kwenye nafaka vilikuwa meza za kuwekea glasi.

Aliyezifungua zote sita ni Kasimir. Mama alimwita mzika nyumba. Na mimi nilimpenda. Nilimpenda huku nikisikia nyundo yake kila siku ikitupunguzia majirani.

Lakini mwezi wa nane, tukigeuza nyasi kwenye mteremko wa juu, alikuwa ameniambia: "Ya kwenu sitaigusa mpaka uniambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Ulisema mpaka nikuambie kwa mdomo wangu," nikamkumbusha. "Mdomo wangu huu hapa. Umekuambia lini?"

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti la kazi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa kaka yangu Anselm. Dada amekubali, mama atakuja kukubali, anza Jumatatu.

"Ukaamini?"

"Nilikuandikia barua tatu, Ludwina. Hukujibu hata moja. Nilipita kanisani Jumapili, ukatazama ukuta. Ningeamini nini?"

"Mama alinikataza. Aliniapisha."

"Basi ungeniambia umekatazwa. Ningekuwa na kitu cha kushika. Niliposoma hii karatasi nikasema, haya, hivi ndivyo anavyoniaga. Ananiachia nyumba, yeye haji."

Nilitaka kumpiga na mkate. Mkate wetu wa rai, ile nafaka nyeusi ya milimani, huokwa mara mbili tu kwa mwaka, na ukifika mwezi wa kumi unaweza kumpasua mtu kichwa.

"Una akili za kuku," nikasema. "Mtu akuache halafu akupe nyumba?"

"Watu wa bonde lenu mna mambo mengi."

"Na wa bonde lenu mnahesabiwa jioni pamoja na mbuzi, asije mmoja akakosekana."

Akacheka kidogo, bila kutaka. Mimi pia mdomo ulinicheza. Kwa pumzi moja tukawa tumerudi kwenye nyasi za mwezi wa nane, macho yake yakinitazama vile yalivyokuwa yakinitazama pale, kama mtu anayepima gogo na kuliona limenyooka. Kisha nikaiona ile namba nyeupe nyuma ya bega lake, na kicheko kikaniisha.

"Njoo uone kitu," akasema. Akaniita kwenye pembe ya nyumba, pale magogo yanapopishana, akasugua mbao kwa kidole gumba. Chini ya weusi wa jua kulikuwa na mikato ya patasi, mistari mitatu na mshazari mmoja. "Hizi si zangu. Hizi zina miaka mia na zaidi. Na kuna nyingine huko juu. Nyumba hii ilishahama, Ludwina. Wazee wenu waliifungua mahali pengine, wakaileta hapa kwa mabega. Haikuzaliwa kwenye jiwe hili."

"Walihama nayo wakaishi ndani yake. Hawakuipeleka wageni wakauziwe supu ndani yake."

Alikunja karatasi ya Anselm, akaikunja tena.

Wakati huo mlango ulifunguliwa, na mama akatoka.

Mama Kreszenz hakuwa mtu mkubwa. Alivaa nyeusi tangu Februari ya mwaka uliotangulia, siku aliyokufa baba, na ndani ya hizo nguo alikuwa amezidi kusinyaa, lakini aliposimama mlangoni mlango ulijaa. Alitazama namba. Akanitazama mimi. Akamtazama Kasimir miguuni, si usoni.

"Nilidhani ni kunguru anayegonga," akasema. "Kumbe mzika nyumba."

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Kreszenz."

"Milele amina. Chukua kopo lako uende."

"Anselm amesema..."

"Anselm ana fungu lake. Chini, sebule na jiko la mawe. Akitaka akalitie mgongoni."

Kwetu nyumba hugawanywa kama mkate. Baba alipokufa, ghorofa ya chini ilikwenda kwa kaka yangu, ya juu kwangu, na chumba cha nyuma, alichofia, kikabaki kwa mama. Mafungu matatu, sahihi tatu. Bila zote tatu hata kigingi hakitoki. Sahihi ya Anselm ilikuwapo. Yangu nilikuwa sijaitoa, kwa kuwa nilikuwa nangoja kujua moyo wa mama. Na moyo wa mama ulikuwa umefungwa kama kile chumba.

Anselm mwenyewe alipanda njia ya mawe muda si mrefu, akihema, amevaa kofia ya wafanyakazi wa viti vya kamba. Alikuwa na miaka thelathini, mke, na mtoto wa pili njiani, wote kwenye chumba kimoja cha kupanga Lerchmatt.

"Vizuri, wote mpo," akasema. "Mwenye hoteli ya Lerchmatt, mnunuzi, anakuja saa sita na karatasi. Nimemwambia tutakuwa tayari."

"Ulimwandikia huyu kwamba nimekubali," nikamwambia.

"Ungekubali."

"Umesema uongo, Anselm."

"Nimesema mapema, si uongo. Dada, wewe unamtaka huyu mwanamume, au sivyo? Kitongoji kizima kinajua. Umeshindwa kuolewa naye kwa sababu ya magogo. Mimi nimeyatoa njiani, unanigombeza."

Damu ilinipanda usoni. Kasimir alikuwa anatazama brashi yake.

"Na ukikataa leo," Anselm akaendelea, sasa kwa mama, "anachukua nyumba ya akina Remigius. Basi. Sisi tutabaki hapa juu na theluji mpaka kiunoni, mama peke yake kwenye kile chumba, analala kwenye baridi na kuongea na ukuta. Ndiyo, mama, nimekusikia. Watu wamekusikia. Padri ameniuliza."

Mama alishika mwimo wa mlango.

"Wanasema umechanganyikiwa. Unataka waseme hivyo?"

"Waseme," akajibu.

"Njoo ukae na sisi kule chini. Kuna maji ya moto yanatoka kwenye bomba..."

"Siendi."

"Kwa nini? Tuambie sababu moja!"

"Siendi, nimesema. Na huyu," akanyoosha kidole kwa Kasimir, ingawa aliyekuwa anaambiwa ni mimi, "akishusha gogo moja, na wewe ukamfuata, usiniite mama. Nitakuwa sina binti. Umenisikia, Ludwina?"

Nilisikia. Nilimsikia pia Kasimir akivuta pumzi. Chini bondeni kengele za ng'ombe walioteremshwa kwa ajili ya baridi zilikuwa zinalia, nami nakumbuka niliwaza jambo la kijinga kabisa, kwamba mikate ilikuwa bado kwapani mwangu na mkono ulikuwa umekufa ganzi.

"Sitashusha," Kasimir akasema.

Anselm akamgeukia. "Wewe vipi? Una mkataba."

"Nina mkataba na mwenye hoteli, wa nyumba zilizokubaliwa. Hii haijakubaliwa. Nitafuta namba." Akachukua kitambaa. Kisha akasita. "Mama Kreszenz, niruhusu nizunguke ukuta wa nyuma kwanza. Nilipita huko nilipofika. Nadhani nimeweka alama ya chaki huko pia. Nataka nisiache kitu changu kwenye nyumba yako."

Mama aliinua bega. Kasimir akazunguka. Nikamfuata. Nilitaka niwe naye hata hizo hatua ishirini, kwa kuwa niliona ndizo za mwisho.

Nyuma ya nyumba mlima umekaribia ukuta kiasi kwamba watu wawili hawawezi kupita sambamba. Alitangulia. Bila kugeuka akasema, "Nitaomba kazi upande wa pili wa mlima. Nisipokuona itakuwa rahisi."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yako."

"Na kwako?"

Alikuwa ameshasimama mbele ya ukuta wa chumba cha nyuma, kidole chake kiko kwenye gogo, na bega lake limekakamaa ghafla.

"Hiki ni kidirisha cha roho?" akauliza.

"Ndicho."

Kila nyumba ya kale ya kwetu inacho. Tundu la ukubwa wa viganja viwili, limechongwa kwenye gogo la chumba cha kulala, na kibao cha kusukuma kwa ndani. Hakifunguliwi kwa ajili ya hewa wala jua. Hufunguliwa mtu anapokata roho, ili roho ipate njia, kisha hufungwa ili isirudi. Nilikua nikijua kipo nyuma ya kitanda cha wazazi wangu, kama mtoto anavyojua kisima kilipo.

"Tazama ndani," Kasimir akasema.

Nikainama. Kibao kilikuwa mahali pake. Na kutoka kwenye kibao zilitokeza ncha nne za misumari, zenye kutu, zikitutazama.

Tuliporudi mbele, Kasimir hakupandisha sauti. Aliuliza kama anavyouliza fundi jambo la kazi, na nadhani ndiyo maana aliweza kuliuliza.

"Mama Kreszenz. Nani amepigilia misumari kidirisha cha roho?"

Nilimtazama mama. Lakini aliyebadilika rangi alikuwa Anselm. Kofia aliivua, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi," akasema. "Vuli ya mwaka ule, kabla baba hajaugua. Tulitaka kupangisha kile chumba kwa wageni wa theluji, na waliokuja kukitazama walilalamika upepo unapita. Nikapigilia kibao, juu yake nikapiga plaiwudi, nikabandika karatasi ya maua. Nilisahau kabisa kwamba... Mama? Mama, mbona hukusema?"

Mama aliketi kwenye ngazi ya mawe, karibu na kopo la rangi. Aliketi polepole, kama mtu anayeteremka majini.

"Ilikuwa saa kumi alfajiri," akasema. "Ludwina alikuwa amekwenda kumwita padri. Wewe ulikuwa kule chini, theluji imefunga njia. Nikaona pumzi zake zinakuja kwa kuachana sana. Nikapeleka mkono nyuma ya kitanda. Miaka thelathini na mitatu nakijua kile kishikio cha kibao. Nikashika maua." Alitazama vidole vyake. "Nikakwangua. Nikakwangua mpaka kucha ikang'oka. Nikamwambia, Theodul, ngoja, natafuta nyundo. Nyundo haikuwapo, uliipeleka kazini. Niliporudi kitandani alikuwa amekwisha."

Nilikumbuka kile kidole. Siku ya mazishi alikuwa amekifunga kitambaa, na alituambia alijikata na kisu cha jibini.

"Mama," Anselm alisema.

"Kwa hiyo yumo," mama akasema. "Mnaniuliza naongea na nani."

Kasimir alichuchumaa mbele yake, si karibu sana. "Lakini ungeomba kifunguliwe siku iliyofuata," akasema kwa upole. "Fundi yeyote angekuja. Ni misumari minne tu."

Hapo ndipo mama alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amfahamu.

"Wewe umewahi kupenda mtu, kijana?"

Kasimir hakugeuza macho kunitazama. Masikio yake tu yalikuwa mekundu. "Ndiyo, mama."

"Basi sikiliza. Wiki ya kwanza sikuweza. Njia ilifungwa, watu walijaa, nilikuwa mgonjwa. Wiki ya pili nyundo ilikuwapo. Nilikwenda nayo mpaka pale. Nikakaa kitandani nayo mapajani. Na sikutaka. Nikifungua anakwenda. Nani anafungua mlango mtu wake aende? Nikasema, leo abaki. Kesho nikasema, leo abaki. Mwaka na miezi minane. Nimemfunga mume wangu kama ng'ombe zizini, na sikuweza kumwambia hata padri."

Nilikwenda nikaketi kando yake. Hatimaye niliiweka mikate chini. Alikuwa mwepesi mno nilipomkumbatia. Mwaka na miezi minane nilidhani analinda nyumba dhidi ya Kasimir, na kwamba ananilinda mimi. Kumbe alikuwa ameketi juu ya mlango.

Kutoka njia ya chini tulisikia honi. Gari la mwenye hoteli halikuweza kufika kwetu, liliishia darajani, na kutoka darajani ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

Kasimir alisimama. Alichukua nyundo yenye pembe za kung'olea misumari kutoka kwenye sanduku lake. Nilidhani ataingia nayo. Badala yake alimpa Anselm, mpini mbele.

"Kwa mafundi wa kwetu," akasema, "msumari mbaya huutoa aliyeupiga."

"Siwezi," Anselm akasema.

"Utaweza. Nitakushikia ubao."

Mama alitutazama wote watatu. Nilijua kwamba akisema hapana hakuna mtu duniani atakayeingia mle. Kisha akanishika mkono, akainuka, akatangulia; Kasimir akafuata na sanduku lake na kopo.

Tulikisogeza kitanda. Ile karatasi ya maua ilikuwa imechanika mahali pamoja, michirizi mitano, imekauka rangi ya kahawia. Anselm alipoiona aliegemea ukuta kwa paji la uso, na ilibidi tungoje. Halafu akafanya kazi. Plaiwudi ilitoka kwa kelele kubwa iliyotushtua. Msumari wa kwanza, wa pili. Wa tatu uligoma, alivuta huku machozi yanamdondokea kwenye mikono, na Kasimir akamwambia kwa sauti ndogo, "Taratibu, kaka, taratibu, usipasue kibao." Wa nne ukatoka.

"Tokeni njiani mwake," mama akasema.

Tukajibana ukutani, huku na huku, kama watu wanaopisha jeneza. Alipiga goti juu ya kitanda. Alipeleka mkono. Ulipofika kwenye kishikio cha kibao ukatulia, na midomo yake ikaanza kusema, si sala. Nilisikia maneno machache tu. Alimwambia viazi vya mwaka huu vilikuwa vizuri. Alimwambia Anselm anapata mtoto wa pili. Alimwambia, "Nenda sasa, mume wangu, usinione vibaya."

Akasukuma.

Hewa iliingia, baridi, yenye harufu ya nyasi kavu na theluji ambayo haijaanguka. Pazia lilitikisika mara moja. Sisemi zaidi ya hapo, kwa kuwa sikuona zaidi ya hapo. Lakini mama aliangalia lile tundu kwa muda, macho yake yakafuata kitu mpaka kikawa mbali, kisha mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Februari ile nikasikia analia kama wanavyolia wajane wengine.

Alipokwisha kulia alijipangusa kwa shali, akakifunga kibao mwenyewe, akateremka kitandani.

"Haya, mzika nyumba," akasema. "Andika namba zako. Iliyobaki ni kuni."

Kasimir alitikisa kichwa. "Siandiki, mama."

"Ala! Nimekubali, unakataa wewe?"

"Kuna fungu la tatu," akasema. "Na nilimwahidi mwenye fungu."

Wote wakanigeukia. Nje tulisikia viatu vya mwenye hoteli vikipanda mawe, na mtu akikohoa. Ndipo nikagundua kwamba miezi yote hiyo nilikuwa nimejificha nyuma ya mama. Nilisema mama hataki. Sikuwahi kujiuliza mimi nataka nini, kwa kuwa jibu lilikuwa linaniogopesha. Nilitaka nyumba isimame pale pale, na nilitaka kuondoka na yule mtu aliyesimama mbele yangu na vumbi la plaiwudi kwenye nyusi.

"Gogo hili lingekuwa namba ngapi?" nikauliza, nikigusa gogo lenye kidirisha.

Alihesabu kwa macho. "Kumi na saba."

"Kumi na saba haliendi hotelini."

"Ludwina," Anselm akaanza, "mwenye hoteli ananunua nyumba nzima..."

"Nyamaza," mama akasema. "Anaongea mwenye fungu."

"Litakwenda nitakapokwenda mimi," nikasema. "Hayo mengine yapeleke, wale supu ndani yake, wauze viatu, sijali. Hili utaliweka kwenye ukuta wa chumba chetu. Hata kama ni nyumba ya saruji. Hata kama watu watatucheka. Unaweza, au huwezi?"

Kasimir alinitazama vile anavyotazama gogo, kisha akaacha kunitazama hivyo, akanitazama kama mtu aliyepewa kitu kizito na anaogopa kukiangusha.

"Umesema chumba chetu," akasema.

"Una masikio."

"Naweza," akasema. "Nitachonga jingine jipya kwa ajili ya hoteli. Litaonekana, litakuwa jeupe kati ya meusi."

"Lionekane."

Mama alichukua brashi kwenye kopo la Kasimir, akaichovya, akaandika mwenyewe kwenye gogo, kwa mwandiko wa shule ya masista, namba kumi na saba. Kisha akamrudishia.

"Jumapili uje kula," akamwambia. "Na ujifunze kusalimia baada ya kutazama watu usoni. Umenitazama miguu mwaka mzima."

"Wewe ndiye uliyenitazama miguu, mama."

"Kelele," akasema, akaenda kumfungulia mgeni.

Nyumba yetu bado ipo Lerchmatt. Sasa ni mahali pa kula jibini la kuyeyushwa, na wageni huuliza kwa nini gogo moja ni jipya. Siku hizi nalo limeanza kuwa jeusi. La kumi na saba lipo hapa, kwenye ukuta wa saruji wa chumba ninachoandikia, ghorofa ya pili, juu ya gereji. Kasimir alilifunga kwa siku nne, na majirani walicheka kweli. Mama alifia chumbani humu, miaka tisa baadaye, na mimi ndiye niliyemfungulia kibao, upesi, bila kusita, kama alivyoniagiza.

Desemba iliyopita ilikuwa zamu ya Kasimir. Alikuwa ameshanionyesha kwa macho, mara mbili, wapi pa kupeleka mkono, kana kwamba sijui lilipo lile tundu alilolichonga upya mwenyewe. Hakuna msumari hata mmoja. Alikuwa amekipaka mafuta kile kibao kiangazi, akijua.

Nilipeleka mkono. Kishikio cha kibao kilikuwa laini. Nikakaa hapo, kiganja changu juu yake, nikamwelewa mama na wiki yake ya pili.

Nilikifungua siku ya tatu.